Mnyama Atembeaye kwa Maji: Kiti cha Pweza na Jamaa Zake, kutoka Birmingham hadi Unguja

Makala haya yanaanzia mahali ambapo wengi hawangetazamia kusikia habari za bahari, nao ni mji wa Birmingham, katikati ya Uingereza. Mji huo hauna bandari wala ufuko. Maji yanayoonekana humo ni ya mifereji iliyochimbwa tangu karne ya 18 ili kupitisha mashua zilizosheheni makaa ya mawe, chuma na mawe ya chokaa. Hata hivyo, mtu akitazama kwa makini mawe ya kijivu ya kilima kiitwacho Wren's Nest, kilichoko Dudley, umbali wa kilomita 15 hivi kaskazini-magharibi ya Birmingham, ataona ndani yake vipande vidogo vya mviringo, vyenye tundu katikati, mithili ya shanga zilizokatika uzi.

Shanga hizo ni mabaki ya mifupa ya mnyama wa baharini aliyekufa zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Na mnyama huyo ni wa ukoo mmoja na kiumbe ambacho kila mtoto wa Unguja, Lamu au Mtwara amekwisha kukiona maji yanapokupwa, yaani kiti cha pweza.

Wahenga wa pwani walimwona mnyama huyu ametulia juu ya mchanga kama kigoda, wakaona hapana anayefaa kukikalia ila pweza. Wengine humwita nyota ya bahari. Majina yote mawili yanaeleza umbo lake, wala hakuna linaloeleza mwendo wake. Kiti hakitembei. Lakini mnyama huyu hutembea, huwinda, hupanda miamba, na akipinduliwa chali hujigeuza mwenyewe. Hufanya yote hayo bila kichwa kinachoonekana, bila ubongo, na bila damu kama ile tuijuayo. Chombo chake cha kutembelea ni maji ya bahari yenyewe.

Wataalamu wa elimu ya viumbe wamemweka kiti cha pweza katika ukoo uitwao ekinodemata, jina la Kigiriki lenye maana ya ngozi ya miiba. Ukoo huo una jamii tano zilizo hai leo. Ya kwanza ni viti vya pweza wenyewe. Ya pili ni jamaa zao wenye kitovu kidogo na mikono myembamba inayojinyonganyonga kama nyoka, ambao hujificha chini ya mawe. Ya tatu ni wale wanyama wa mviringo wenye miiba, ambao kila mvuvi anayetembea pekupeku juu ya mwamba huwaogopa, na ambao katika makala haya wataitwa nungu wa bahari. Ya nne ni majongoo bahari. Ya tano ni wanyama wanaofanana na maua, wenye mikono kama manyoya, ambao wengine husimama juu ya shina refu. Hao wanaweza kuitwa mayungiyungi ya bahari. Kwa jumla aina zilizo hai ni karibu 7,000. Hapana hata moja inayoishi katika mto au ziwa la maji baridi. Wote, bila ubaguzi, ni watu wa bahari.

Maumbile yao yana mambo mawili yanayowatenga na wanyama wengine. Jambo la kwanza ni idadi ya tano. Mwanadamu, samaki, ng'ombe na nzi wana upande wa kulia na wa kushoto unaolingana. Kiti cha pweza mkubwa hana kulia wala kushoto. Mwili wake umegawanyika katika sehemu tano zinazozunguka kitovu kimoja, kama vipande vya chungwa. Baadhi ya aina zina mikono mingi zaidi, hata 20 na ushei, lakini msingi wao ni ule ule. La kustaajabisha ni kwamba mnyama huyu hazaliwi hivyo. Anapototolewa huwa kiluwiluwi kidogo kisichoonekana vema kwa macho, kinachoelea baharini kwa kupigapiga vinyweleo, nacho kina kulia na kushoto kama watoto wa wanyama wengine. Baadaye hubadilika umbo zima, na mwili wa sehemu tano hujengeka upande mmoja wa mwili ule wa awali.

Jambo la pili ni mifupa. Chini ya ngozi nyembamba ya kiti cha pweza kuna vipande vingi vidogo vya madini ya kalsiti, madini yale yale yanayofanya mawe ya chokaa. Kila kipande ni fuwele moja, ila kimejaa vitundu kama sifongo, na nyama hai hupenya ndani ya vitundu hivyo. Kwa nungu wa bahari vipande vimeungana vikafanya ganda la mviringo. Kwa jongoo bahari vimekuwa chembe ndogo sana zilizotawanyika ndani ya ngozi nene. Kwa yungiyungi la bahari vimepangana kimoja juu ya kingine vikafanya shina. Mnyama akifa, nyama iliyoviunganisha huoza, na vipande husambaa chini ya bahari. Hizo ndizo shanga za Dudley.

Sasa na tuutazame mwendo wenyewe. Juu ya mgongo wa kiti cha pweza, kando kidogo ya kitovu, pana kidoa kigumu kama sahani yenye vitundu vingi. Maji ya bahari huingia hapo, hushuka katika mrija mfupi wenye kuta ngumu, yakafika katika mrija wa mviringo unaozunguka mdomo, ambao uko upande wa chini. Kutoka mviringo huo hutoka mirija mitano, mmoja kwa kila mkono. Kandokando ya kila mrija ipo miguu midogo, laini, iliyojipanga kwa safu katika mfereji ulio chini ya mkono. Kila mguu una kifuko chake cha maji ndani ya mwili. Kifuko kikijikaza, maji husukumwa mguuni, nao hurefuka. Misuli ya mguu ikijikaza, maji hurudi kifukoni, nao hufupika. Fundi wa gereji anayeinua lori kwa jeki ya mafuta hutumia kanuni hiyo hiyo: kiowevu kikibanwa mahali pamoja, nguvu yake hutokea mahali pengine.

Kwa muda mrefu vitabu vya shule vilifundisha kwamba miguu hiyo hushika mwamba kwa kufyonza. Utafiti wa miongo ya karibuni umeonyesha kwamba kazi kubwa hufanywa na gundi. Tezi zilizo kwenye ncha ya mguu hutoa gundi inayonata hata ndani ya maji, na tezi nyingine hutoa kemikali ya kubandua mguu unapotaka kuondoka. Mnyama akishapita, alama za gundi hubaki juu ya jiwe, nyayo za mamia ya miguu. Kwa gundi hiyo na kwa subira, kiti cha pweza huweza kumkumbatia chaza, akalivuta ganda lake mpaka upenyo mdogo tu upatikane, kisha akalitoa tumbo lake nje kwa njia ya mdomo, akaliingiza ndani ya ganda na kumyeyushia chaza mumo humo nyumbani mwake.

Je, ni nani anayeiamuru miguu yote hiyo? Hapana kamanda mmoja. Upo mshipa wa fahamu wa mviringo kuuzunguka mdomo, na mshipa mmoja katika kila mkono. Mkono ulionusa chakula au ulioona kivuli cha mwamba huongoza, na mingine hufuata. Saa nyingine mkono mwingine hushika uongozi. Na kuona si neno la kuazima. Penye ncha ya kila mkono pana jicho dogo. Mwaka 2014 wanasayansi Anders Garm na Dan-Eric Nilsson walichapisha utafiti juu ya kiti cha pweza wa rangi ya buluu aishiye katika Bahari ya Hindi na Pasifiki, wakaonyesha kwamba macho yake huona taswira hafifu, na kwamba aliyeondolewa kidogo kwenye mwamba wake hutumia macho kurudi. Aliyezuiwa kuona alitangatanga ovyo.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha jambo jingine lililowashangaza wengi. Watafiti walipochunguza jeni zinazopanga mwili wa kiti cha pweza, waliona kwamba jeni ambazo kwa wanyama wengine hujenga kichwa zimeenea mwilini mwake kote, ilhali zile zinazojenga kiwiliwili karibu hazionekani katika ngozi yake. Aliyedhaniwa kuwa hana kichwa kumbe karibu mwili wake wote ni kichwa, kinachotembea juu ya mchanga.

Jamaa zake nao wanatembea, kila mmoja kwa namna yake. Wale wa mikono ya nyoka hawaitegemei sana miguu ya maji. Huirusha mikono yenyewe, miwili ikipiga kasia huku na huku na mmoja ukitangulia. Utafiti uliotolewa mwaka 2012 ulionyesha kwamba mnyama huyo anapotaka kugeuza njia hageuki; huchagua tu mkono mwingine kuwa wa mbele. Nungu wa bahari hutembelea miiba yake, ambayo kila mmoja umekaa juu ya kifundo cha mviringo na huzunguka kama fupa la bega, akisaidiwa na miguu ya maji mirefu inayopenya katikati ya miiba. Jongoo bahari hutambaa kwa tumbo. Wachumaji wa Pemba na Unguja wanaijua tabia yake: akishikwa huwa mgumu kama kipande cha mpira, na baadaye hulegea. Hiyo si misuli tu. Ni ngozi ambayo mishipa ya fahamu huweza kuiamuru ikakaza au ikalainika katika muda mfupi.

Yungiyungi la bahari ndilo lililowadanganya watu kwa muda mrefu zaidi. Wenye shina waliaminiwa kuwa ni wanyama waliosimama mahali pamoja kama mimea. Lakini mwaka 2005 wanasayansi wa Marekani, Tomasz Baumiller na Charles Messing, walionyesha picha za video zilizopigwa kwenye kina kirefu karibu na visiwa vya Bahama, ambamo yungiyungi la bahari lilionekana limelala ubavu, likijikokota kwa mikono yake kwa mwendo wa sentimita kadhaa kwa sekunde, huku likiliburuta shina lake nyuma. Ua lilikuwa linatembea.

Kwa habari hizo, wasikilizaji, turejee Birmingham. Katika Chuo Kikuu cha Birmingham lipo jumba la makumbusho la jiolojia lenye jina la Charles Lapworth, aliyefika mjini humo mwaka 1881 kuwa profesa wa kwanza wa jiolojia katika chuo kilichotangulia chuo kikuu cha leo. Humo, miongoni mwa vielelezo vingi, zimewekwa tabaka za mawe ya Dudley ambamo mayungiyungi ya bahari yamehifadhika kikamilifu, shina, kikombe na mikono, kana kwamba mkondo wa maji umetulia jana. Mawe hayo ni ya kipindi kiitwacho Siluria. Zama hizo sehemu hii ya Uingereza ilikuwa kusini ya ikweta, chini ya bahari ya joto yenye kina kifupi na miamba ya matumbawe. Kwa maneno mengine, Dudley ilikuwa mahali panapofanana na Unguja ya leo. Kilima cha Wren's Nest peke yake kimetoa visukuku vya aina zaidi ya 700 za viumbe, na mwaka 1956 kilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa.

Magharibi ya Birmingham, katika jimbo la Herefordshire karibu na mpaka wa Wales, majivu ya volkano yaliwafunika wanyama wa bahari hiyo hiyo ghafla, na kwa sababu hiyo hata sehemu laini za miili yao zimeacha umbo ndani ya jiwe. Wanasayansi huyasaga mawe hayo tabaka moja baada ya jingine, huku wakipiga picha kila hatua, kisha kompyuta huziunganisha picha na kumfufua mnyama katika umbo lake kamili. Kwa njia hiyo, mwaka 2019 alitangazwa jamaa wa kale wa majongoo bahari, mwenye upana wa sentimita 3 tu na umri wa miaka milioni 430, aliyepewa jina la Sollasina cthulhu. Miguu yake mirefu ya mirija imehifadhika, na ndani ya mwili wake watafiti waliuona mviringo walioutambua kuwa ni ule mrija wa maji unaozunguka mdomo. Chombo kile kile kinachomwendesha kiti cha pweza wa Jambiani hivi leo kilikuwa kikifanya kazi kabla mnyama yeyote mwenye mifupa ya uti wa mgongo hajakanyaga nchi kavu.

Lakini mawe ya Dudley yana historia ya pili, nayo ni ya wanadamu. Katika karne ya 18 na ya 19 yalichimbwa kwa wingi, yakapitishwa mifereji, yakatiwa katika matanuri ya kuyeyushia chuma. Chokaa hufyonza uchafu ulio ndani ya mawe ya chuma, na makaa ya mawe hutoa moto. Ndivyo chuma cha eneo la Birmingham kilivyopatikana, na ndivyo mapinduzi ya viwanda yalivyosonga mbele. Mifupa ya mayungiyungi ya bahari iliingia tanurini, ikasaidia kupatikana kwa chuma cha mashine za dunia.

Moshi wa matanuri hayo na ya viwanda vilivyofuata duniani kote haukutoweka. Bahari imeinyonya karibu robo ya hewa ya ukaa inayotolewa na wanadamu. Hewa hiyo ikiyeyuka majini hufanya asidi. Tangu mwanzo wa enzi ya viwanda, kipimo cha pH cha maji ya juu ya bahari kimeshuka kutoka 8.2 hivi hadi karibu 8.1. Kushuka huko kunaonekana kudogo, lakini kwa hesabu ya kipimo hicho ni ongezeko la asidi la karibu robo. Kalsiti ya ukoo huu ina magnesiamu nyingi, na kalsiti ya namna hiyo huyeyuka kwa wepesi zaidi kuliko ya kawaida. Si kila aina inadhurika sawasawa, zipo zinazostahimili. Hata hivyo, viluwiluwi vinavyoanza kujenga mifupa yao ya kwanza ndivyo vinavyotiliwa shaka zaidi.

Joto nalo limekwisha kuonyesha makali yake. Kuanzia mwaka 2013, viti vya pweza wa pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini walianza kuoza wakiwa hai. Mikono ilikatika na miili ikayeyuka. Aina moja kubwa, yenye mikono ipatayo 24, ambayo ilikuwa miongoni mwa wepesi kuliko wote kwa mwendo, ilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya idadi yake. Maji yenye joto kupita kawaida yaliuzidisha msiba. Ilichukua zaidi ya miaka kumi kumtambua mhalifu: mwezi Agosti 2025 watafiti walitangaza kwamba ni bakteria aitwaye Vibrio pectenicida. Muda huo wote nungu wa bahari, waliokuwa wakiliwa na mnyama huyo, waliongezeka na kuzila mbuga za mwani mpaka sehemu nyingine zikabaki miamba mitupu.

Mizani ya namna hiyo inajulikana pia Afrika Mashariki. Katika miamba ya Kenya ambako uvuvi umewamaliza samaki aina ya kikande, ambao chakula chao ni nungu wa bahari, nungu hao wamezaliana kupita kiasi na kuyakwangua matumbawe. Ndani ya hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, kikande wapo na nungu ni wachache. Mnyama anayetembea polepole anaweza kuubomoa mwamba mzima, maadamu hapana wa kumzuia.

Lipo pia jambo lililo katika uwezo wa kila mtu. Maji yanapokupwa katika fukwe za mashariki ya Unguja, wageni wengi huwainua viti vya pweza juu ili wapigwe picha nao, na wako wenyeji wanaowakusanya kwa ajili hiyo. Aliyesikia maelezo haya anaweza kupima mwenyewe. Baadhi ya aina za ukanda wa maji kupwa na kujaa huvumilia kukaa nje kwa muda, zikiwa kivulini na penye unyevu. Lakini mnyama huyu hupumua kwa vijinyama vya ngozi yake na kwa miguu ile ile ya maji. Anapoinuliwa juani, pumzi yake na miguu yake vyote viwili vinakatiwa njia kwa mara moja, na uzito wa mwili ambao bahari ilikuwa ikiubeba unakosa wa kuubeba. Anayetaka kumtazama anaweza kuinama, akaingiza uso majini, akasubiri. Baada ya dakika chache ataiona miguu midogo ikijitokeza chini ya mkono mmoja, na kiti kikianza kwenda.

Huko Birmingham, jamaa zake wamekwisha kusimama ndani ya kabati za vioo, nao hawatatembea tena. Wale wa Unguja bado wanatembea, kwa maji yale yale ambayo wanadamu wanayatia joto na asidi.